Saa ya "38,500" iliyouzwa 4,200: geuza mgongo usome

BARUA

Wapendwa washauri,

Hamjambo. Baba mkwe amestaafu ualimu mwaka huu huko Ahero, na mimi na mume wangu tuliamua kumpa saa ya mkono. Niliipata kwenye Facebook: saa ya rangi ya dhahabu yenye jina la sauti ya Kiitaliano, na chini ya jina maneno "ubora wa Uswisi, tangu 1887". Bei iliandikwa shilingi 38,500 ikakatwa kwa mstari mwekundu, kando yake 4,200, na vinamba vinavyohesabu kurudi nyuma kuonyesha kwamba ofa imebakiza dakika 14. Nililipa kwa Lipa na M-Pesa kabla ya kuiona. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo halikuwa la saa wala la ule ukurasa. Mzigo ulifika Nakuru kwa basi siku ya tatu.

Saa ina uso mweusi, vijisaa vitatu vidogo, neno "Automatic" katikati, na chini kabisa kwa herufi ndogo sana "Japan Movt". Mgongoni imeandikwa "Stainless Steel Back" na "Water Resist", basi. Mshale wa sekunde unaruka mara moja kila sekunde. Ni nzito mkononi, na mzee aliifurahia sana.

Wiki ya tatu alinyeshewa akitoka sokoni, kioo kikashika ukungu kwa ndani. Wiki ya tano dhahabu ilianza kutoka pale mkanda unaposhikana na saa. Chini pakatokea wekundu, halafu ukijivu. Mkono umeanza kumwasha. Ana upele wa mviringo kama pete, katikati ngozi ni safi, na upele mwingine chini ya kifungio cha mkanda. Wiki ya sita saa ikasimama.

Fundi wa hapa Nakuru aliifungua mbele yangu. Ndani kuna mashine ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imezungukwa na duara la plastiki nyeupe. Anataka 300 kubadilisha betri, au 1,500 kubadilisha mashine nzima.

Nilipomwandikia muuzaji kulalamika, alinijibu kwamba nikinunua dazeni atanipa kwa 18,000, niziuze 4,000 kila moja Nakuru na Kisumu. Kwa sasa sina kazi, na nimeshawishika.

Je, hii ni saa bandia? Naweza kurudishiwa pesa zangu? Niitengeneze au niiache? Dazeni hiyo niichukue? Na mzee aambiwe nini?

Mkaza mwana, Free Area, Nakuru

JIBU

Dada, tuanze na mkono wa mzee, maana mengine yote yanaweza kungoja. Aivue leo na asiivae tena, hata ikitengenezwa.

Umetueleza jambo moja muhimu: upele ni pete, katikati ngozi ni safi. Katikati ndipo mgongo wa chuma cha pua unapogusa. Ukingoni ndipo kipochi, yaani ganda la saa, kinapogusa, na kipochi si chuma cha pua. Saa za bei hii nyingi kipochi chake ni zinki iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu, kisha ikachovywa shaba, juu ya shaba nikeli, na mwisho utando mwembamba sana wa rangi ya dhahabu. Wekundu ulioona ni ile shaba, na ukijivu ni zinki yenyewe. Jasho lina chumvi, na chumvi hupenya kwenye vijitundu vya utando ikafikia nikeli. Nikeli hutoka kidogo kidogo ikaingia kwenye ngozi, na ngozi ya watu wengine huikataa. Kifungio cha mkanda kimechovywa vivyo hivyo, ndiyo maana upele uko na pale. Kwa joto la uwanda wa Kano, uliko Ahero, ambako mtu hutoka jasho mchana kutwa, wiki tano zinatosha kabisa.

Aoshe mkono kwa maji na sabuni isiyo kali, aukaushe vizuri, asifunge chochote hapo. Upele ukitoa maji, au usipopungua kwa wiki moja, aende zahanati. Na kama ana kisukari asingoje hata hiyo wiki. Mkumbuke pia kwamba ngozi ikishaanza kukataa nikeli, kwa kawaida haiachi. Tutalirudia hilo tukifika kwenye saa ya kumnunulia.

Sasa, je, ni bandia? Kwa maana ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, hapana. Bandia ni bidhaa inayoiga alama ya mtu mwingine bila ruhusa yake. Hapa hakuna aliyeigwa. Jina limebuniwa tu. Na kubuni jina si kosa, maana kila jina kubwa la saa kuna mtu aliyelibuni siku moja. Kosa liko kwenye maneno yaliyozungushiwa jina hilo: Uswisi, 1887, "Automatic", na zaidi ya yote ile 38,500. Tofauti hii si ya wanasheria peke yao. Ukipeleka malalamiko ya bidhaa ghushi utaambiwa hakuna kesi. Ukipeleka malalamiko ya maelezo ya uongo kwa mnunuzi, kesi ipo.

Biashara yenyewe inaendeshwa hivi. Viwanda vya Shenzhen na Guangzhou nchini Uchina vina saa zilizokamilika ambazo uso wake haujaandikwa kitu. Mfanyabiashara hutuma nembo, anaagiza vipande mia chache, na kiwanda kinapiga chapa jina lolote atakalo. Saa ile ile moja hutoka na jina la Kiitaliano kwa huyu, la Kijerumani kwa yule, na "Geneva" kwa wa tatu. Unaweza kulithibitisha kwa simu yako. Piga picha ya uso wa saa, ikate hadi jina lisionekane, kisha itafute kwa Google Lens. Kulikata jina ndiyo siri: ukiliacha, utaletewa kurasa za muuzaji yule yule tu. Ukiliondoa, utaletewa saa yenyewe, ikiwa na majina mengine na bei tofauti tofauti.

Umri wa "tangu 1887" nao unapimika. Ikiwa wana tovuti, iandike anwani yake kwenye lookup.icann.org na usome tarehe ya kusajiliwa. Kwenye Facebook fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa. Hapo utaona siku ukurasa ulipofunguliwa, majina uliyowahi kutumia, na mara nyingi nchi walipo wanaousimamia. Ukurasa ulioanza ukiuza viatu ukageuka nyumba ya saa yenye historia ya zaidi ya karne nzima, umejieleza wenyewe.

Tuisome saa yako sasa, kwanza uso, kisha mgongo.

"Ubora wa Uswisi" hapa ni maneno tu ya tangazo. Alama ya kutafuta kwenye saa yenyewe ni "Swiss Made", ambayo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo ukingoni, chini ya namba 6. Tangu tarehe 1 Januari 2017, ili saa iandikwe hivyo, lazima angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza ziwe za Uswisi, mashine iwe ya Uswisi, iwekwe kwenye kipochi huko, na ukaguzi wa mwisho ufanyiwe huko. Muuzaji aliyeandika "ubora wa Uswisi" kwenye ukurasa na "Japan Movt", yaani mashine ya Japani, kwenye uso, amejikana ndani ya tangazo moja.

"Automatic" maana yake ni saa isiyo na betri, inayojijaza kwa kutikisika kwa mkono. Mshale wake wa sekunde hutambaa. Nyingi hupiga mitetemo 21,600 kwa saa, yaani hatua 6 kila sekunde, na jicho huona kama mwendo mmoja laini. Wako unaruka mara moja kwa sekunde, basi ni saa ya betri, aina tunayoiita kwatsi. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote na mtu anaweza kukifanya mbele ya meza ya muuzaji.

Kuhusu kwatsi tuitendee haki, kwa sababu hapo ndipo wengi hudanganyika. Ndani ya hiyo mashine ndogo kuna kipande cha kristali kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inagawanya namba hiyo kwa mbili, mara 15 mfululizo, hadi inabaki 1, na hiyo 1 ndiyo inayousukuma mshale. Kazi hiyo ni ile ile kwenye saa ya elfu mbili na ya elfu arobaini. Mashine ya Miyota 2035, ya Kijapani, imo kwenye saa nyingi sana za bei nafuu, huuzwa rejareja kwa dola chache tu, na hupotoka kwa takriban sekunde 20 kwa mwezi. Saa ya kujijaza ya Uswisi iliyopata cheti cha COSC, shirika la Uswisi linalopima usahihi wa saa, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "iangalie wiki nzima, haipotezi hata dakika", anasema kweli, na ukweli huo hauongezi thamani ya saa hata shilingi moja.

Vile vijisaa vitatu vidogo vipime hivi: bonyeza kitufe cha juu kilicho pembeni. Kwenye saa ya kweli ya kupimia muda, mshale mmoja huanza kukimbia papo hapo. Ukibonyeza tena husimama, na kitufe cha chini huurudisha kwenye sifuri. Kama vitufe havibonyei, au vinabonyea na hakuna kinachotokea, mara nyingi mishale hiyo midogo imegandishwa kwa gundi au imechorwa tu. Utaona pia mshale mmojawapo umesimama pale pale uliposimama siku ulipofungua boksi.

Geuza mgongo. "Stainless Steel Back" maana yake ni mgongo wa chuma cha pua. Mgongo peke yake. Kama kipochi chote kingekuwa chuma cha pua, wangeandika "All Stainless Steel" au "Stainless Steel Case", kwa sababu hiyo ni sifa na hakuna anayeificha. Watu wengi hupima kwa sumaku. Kipimo hicho hakisaidii hapa, maana zinki haivutwi na sumaku, na chuma cha pua kizuri cha 316L nacho hakivutwi. Uzito pia haukuambii kitu, zinki ni nzito. Angalia pingili za mkanda kwa upande, kama unachungulia kitabu kilichofungwa. Za bati lililokunjwa zina uwazi katikati, zinalia zikitikiswa, na hunasa vinyweleo vya mkono. Za chuma kizima hazina uwazi.

"Water Resist" bila namba inaahidi kidogo sana. Kiwango cha kimataifa cha saa za kawaida, ISO 22810, hupima shinikizo kwenye maabara, saa ikiwa imetulia. "3 ATM" au "30M" si mita 30 za ziwa. Ni kunawa mikono na matone ya mvua. Kuogelea kunaanzia 5 ATM, na anayekaa sana majini atafute 10. Saa ya mzee huenda ina mpira mwembamba uliobanwa vibaya chini ya mgongo, au haina mpira kabisa kwenye kijiti cha kile kifungo cha pembeni cha kurekebishia majira. Maji hupita hapo kuliko kwingine kokote, na mtu akinyeshewa kifungo kikiwa kimevutwa nje hata kidogo, hakuna mpira utakaoyazuia.

Ndiyo maana, kwa maoni yetu, saa ilisimama. Unyevu uliingia wiki ya tatu ukabaki humo. Hapa tuwaambie na wasomaji wengine: saa ikishika ukungu, usiianike juani wala kuipulizia joto, maana mvuke utapanda kwenye kioo kisha ushuke kwenye mashine. Fundi aifungue mgongo siku hiyo hiyo, ikae saa 24 hadi 48 kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya na maboksi ya elektroniki. Mchele unaosifiwa mitandaoni hufyonza polepole na huacha vumbi la unga ndani ya mashine.

Sababu ya pili inaweza kuwa betri. Saa hizi nyingi hutoka kiwandani na betri ya alkali iliyoandikwa AG4 au LR626. Umbo lake ni sawa kabisa na SR626SW, ambayo pia huitwa 377, lakini si kitu kimoja. SR ni ya oksidi ya fedha, hutoa volti 1.55 na kushikilia hapo karibu hadi mwisho. Ya alkali huanza 1.5 ikishuka siku hadi siku, na ikizeeka huvuja. Maji yake hula vibati vya mawasiliano. Kama imekaa ghalani miezi mingi, wiki sita ni umri wake. Kwa hiyo 300 ya fundi ni bei ya haki ikiwa atatia SR626SW. Msomee namba kabla hajaifunga. Aishike kwa kibano cha plastiki, kwa sababu kibano cha chuma kinachogusa pande zote mbili huifyonza betri. Na aangalie ncha ya bisibisi isiteleze: pembeni mwa betri kuna koili ya waya mwembamba kuliko unywele, na mkwaruzo mmoja tu unaua mashine nzima. Betri mpya ikiwekwa na saa isitembee, ama vibati vimeliwa ama koili imekatika. Hapo hiyo 1,500 ya mashine mpya haina maana, kwa sababu utaitia mashine nzima kwenye kipochi kinachomdhuru mzee.

Kwa hiyo usiitengeneze. Na kuna sababu nyingine: saa hiyo ni ushahidi wako.

Kuhusu pesa. Namba 456 ya M-Pesa ni ya kurudisha pesa uliyomtumia mtu kimakosa. Wewe hukukosea namba, ulidanganywa kuhusu bidhaa, na huo ni mgogoro wa kibiashara. Njia yako ni Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012. Sheria hiyo inakataza kusema kwamba bidhaa ina ubora, asili au punguzo la bei isilokuwa nalo, na inampa mnunuzi aliyepotoshwa hivyo haki ya kuvunja mapatano kwa kutoa notisi ndani ya mwaka 1. Bado una muda, lakini ushahidi hauna muda: matangazo haya hufutwa usiku mmoja. Leo piga picha za skrini za tangazo zima, anwani ya ukurasa ikionekana juu, bei iliyokatwa, neno Uswisi, 1887, na mazungumzo yenu yote hadi ile ofa ya dazeni. Ofa hiyo usiifute kamwe. Kwa mkono wake mwenyewe amekuandikia kwamba saa aliyodai ni ya 38,500 anaiuza kwa 1,500.

Kisha mwandikie notisi fupi. Taja tarehe ya kununua, kiasi, na msimbo wa M-Pesa wenye herufi na tarakimu 10. Nukuu maneno matatu ya uongo jinsi yalivyoandikwa, eleza kilichopo kwenye saa, sema umevunja mapatano na unataka 4,200 zirudi kwa siku 14, nawe utairudisha saa kwa gharama yake. Itume kwa WhatsApp na kwa barua pepe. Usitukane. Huenda akalipa hapo, kwa sababu 4,200 ni ndogo kuliko usumbufu.

Asipolipa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hushughulikia maelezo ya uongo kwa wanunuzi. Mahakama ya Madai Madogo ipo pia, inasikiliza madai hadi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa kwa siku 60. Lakini tukuambie wazi: mahakamani unahitaji mtu wa kumshtaki, mwenye jina na mahali. Ulicho nacho ni lile jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa, kwa hiyo lihifadhi. Siku nyingine, kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma jina linalotokea, na udai risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi (KRA), yenye PIN ya KRA ya muuzaji. Asiyeweza kutoa hiyo, mlipe mzigo ukiwa mkononi mwako na umeshaufungua.

Dazeni tumeipigia hesabu kwa makini, kwa kuwa umesema huna kazi, na hatutaki kukupuuza. Shilingi 18,000 kwa saa 12 ni 1,500 kila moja. Ongeza betri ya SR626SW kwa kila saa, tuseme 150, unafika 19,800. Zikirudi mbili tu, na kwa ulichokiona kwa mzee mbili ni kadirio la huruma, umebaki na 10 za kubeba gharama yote, 1,980 kila moja. Ukiziuza kwa ukweli, yaani "saa ya betri, kipochi cha zinki kilichopakwa rangi, isiguse maji, asiivae mwenye ngozi inayowashwa na vyuma", sokoni Kibuye, Kisumu, utapata labda 2,300. Faida yote ni 3,200, kabla ya nauli ya Kisumu na kabla ya siku ulizosimama. Ukitaka kupata 4,000 kwa kila moja, itabidi useme yale yale uliyoambiwa wewe. Siku hiyo ile sheria tuliyoitaja inakugeukia, na kila uliyemuuzia ana mwaka mzima wa kukurudia, naye anajua unapokaa. Usiichukue.

Kama biashara ya saa imekuingia moyoni, anza na kipande kimoja kutoka kwa mwagizaji mwenye duka, na masharti kwamba mgongo utafunguliwa mbele yako. Soma namba ya mashine. Halafu ipime ukungu: funika sufuria ya maji ya moto kiasi, yale unayoweza kuzamisha kidole bila kukichomoa, kwa sahani ya bati, laza saa juu yake dakika 10 hadi 20 ipate joto, kisha dondosha tone moja la maji ya kawaida katikati ya kioo. Baada ya dakika 1 lifute. Ukiona ukungu kwa ndani, humo mna unyevu, iache. Ni kipimo wanachokitumia maabara, sisi tumekitafutia sufuria.

Kwa mzee, bajeti ile ile ya 4,200 inaweza kutosha saa ya heshima ukiacha kulipia hadithi. Tafuta kipochi kilichoandikwa chuma cha pua chote, "5 BAR" au "5 ATM" mgongoni, upana wa milimita 36 hadi 40, uso mweupe wenye namba kamili na tarehe, ili aisome bila miwani. Casio na Citizen wanazo za namna hiyo, ingawa hizo ndizo zinazoigwa kweli kweli, basi nunua dukani. Ukichagua ile Casio ndogo ya tarakimu, F-91W, shikilia kitufe cha kulia kwa sekunde 3; ya kweli huandika CASIo kwenye kioo. Siku ya kununua, yule fundi wako wa saa wa Nakuru ndiye mwenzako bora wa kwenda naye.

Chuma cha 316L kina nikeli pia, ila kinaiachilia kidogo mno. Hata hivyo kwa ngozi ambayo imeshaanza kukataa, usimpe mkanda wa chuma. Mpe wa kitambaa cha nailoni ulio kipande kimoja, ule unaopita chini ya saa nzima, ili kitambaa kikae kati ya mgongo na ngozi. Kifungio chake hulala juu ya kitambaa. Pima kwa rula nafasi kati ya pembe mbili za saa, aghalabu ni milimita 18 au 20, na ununue miwili, mmoja ukifuliwa mwingine uvaliwe.

Wa kumwambia mzee ni mume wako, si wewe, na amwambie ana kwa ana huko Ahero, siyo kwa simu. Mama mkwe aanze kujua. Aseme kwamba saa imemdhuru mkono, kwamba muuzaji aliwadanganya kuhusu chuma chake, na kwamba mmemletea nyingine. Mwalimu wa miaka mingi ataelewa kosa lililoelezwa moja kwa moja. Ile ya zamani mrudi nayo Nakuru pamoja na boksi, vikaratasi vyake na hata mfuko uliojia, bila kuisafisha.